Vibao vya Tezini na Fedha za Nyumba



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twaingia katika jambo ambalo huenda baadhi ya mama zetu na dada zetu wakalidhania kuwa ni la wanaume wa pwani peke yao. Nalo ni vile vibao viwili vya chuma vinavyofungwa tezini mwa boti ndogo ya kuvulia, ili chombo kikae sawa kinapokwenda mbio. Wauzaji huviita trimu tabu. Na ukilitamka jina hilo kwa ulimi wetu, neno la pili latosha kuwa onyo kwa mwenye kuvitia ovyo.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa sababu fedha za vibao hutoka nyumbani. Boti ya faiba mara nyingi huwa ni mali ya ukoo mzima: baba ametoa sehemu yake, mama ameuza bangili, na mtoto aliye kazini mbali ametuma kilichopungua. Tena mafuta ya safari hutolewa mwanzo, kisha kinachosalia ndicho kigawanywacho baina ya chombo na watu. Kila lita inayoteketea bure hupunguza sehemu ya mwenye boti, ya mabaharia, na ya yule mama karanga angojaye samaki ufuoni. Basi kijana anaporudi kutoka baharini akasema, "Mama, boti yainua omo mno, twahitaji vibao," yapasa mama ajue la kuuliza kabla ya kufungua kibweta.

Kauli yetu kwa ufupi ni hii: vibao ni dawa nzuri ya ugonjwa maalumu, lakini havitibu shehena iliyopangwa vibaya, na tundu moja lililotobolewa bila kuzibwa vyema laweza kuiharibu boti ile ile ambayo vibao vililetwa kuitengeneza.

Vyafanyaje kazi?

Boti ya faiba yenye mashine ya nje haiendi kama dau. Dau hukata maji na kubaki ndani yake tangu kung'oa nanga hadi kutia nanga. Boti ya mashine nayo huenda hivyo ikiwa polepole, lakini ikitiwa kasi hupanda, tumbo lake likawa linateleza juu ya maji. Kabla ya kufika hapo hupitia daraja moja lenye dhiki: tezi huzama, omo huinuka, mashine hunguruma, na mafuta huteketea pasipo mwendo wa maana. Katika daraja hilo nahodha aliyeketi nyuma haoni mbele. Mtumbwi wa mzee avuaye kwa mshipi, maboya ya nyavu, vichwa vya watoto wanaoogelea, vyote hufichwa na omo. Kwa hiyo tunapozungumzia omo iliyoinuka hatuzungumzii mafuta tu. Twazungumzia pia roho za watu.

Vibao hufungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini wa ubao wa tezi, kimoja kila upande wa mashine. Kibao kikishushwa, maji yapitayo chini ya boti hukigonga na kugeuzwa njia kuelekea chini. Nayo, kwa kusukumwa chini, hukisukuma kibao juu. Tezi huinuka, omo hushuka. Aliyewahi kutia kiganja majini kando ya boti iendayo aijua nguvu hiyo: ukiinamisha kidogo ukingo wa nyuma wa kiganja, maji huunyanyua mkono wote.

Faida yake ni tatu. Ya kwanza, boti hupita upesi katika lile daraja la dhiki, na huweza kubaki juu ya maji hata ikipunguzwa mwendo, jambo ambalo ni rehema bahari ikichafuka. Ya pili, omo ikikaa chini kidogo, ile sehemu yake iliyochongoka hukata mawimbi badala ya tumbo bapa kuyapiga, na migongo ya waliomo hupona. Ya tatu, kila kibao huweza kushushwa peke yake, kwa hiyo chombo kilicholalia upande mmoja huweza kunyooshwa. Na boti hizi hupenda kulala, ama kwa uzito wa watu ama kwa upepo wa ubavuni.

Lakini ieleweke kwamba faida zote hizo ni kwa chombo kiwezacho kupanda juu ya maji. Dau, mashua, ngalawa, na mtumbwi uliotiwa mashine ndogo haviendi kwa namna hiyo. Kuvitia vibao ni kuvibebesha chuma cha bure.

Marejeo ni ngamani

Wazee wetu walisema: hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi ya maisha, lakini leo twaichukua kwa maana yake ya chomboni. Kabla ya kununua kitu cha kufunga tezini, tutazame kilichowekwa ndani.

Tuchukulie boti ya futi 20 yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Mashine peke yake, kwa aina yake, huwa kama kilo 70 hadi 100. Nahodha ameketi kando yake, naye ni kilo 70. Nyuma yake yapo madumu mawili ya petroli ya lita 20, kila moja kama kilo 15. Kisha sanduku la barafu na samaki, kilo 80, limesukumwa nyuma ili lisisumbue wavutao nyavu. Jumla ni kilo 250 au zaidi, zote zimerundikana katika hatua mbili za mwisho za chombo. Omo isiinuke kwa nini?

Jaribio la kwanza, basi, halina gharama. Sanduku la barafu lisogezwe katikati. Madumu yapelekwe mbele, yafungwe yasiteleze, na nanga na mnyororo wake vikae omoni. Maji yaliyotuama chini ya sakafu yafutwe yaishe, kwani boti ikitiwa kasi maji hayo hukimbilia tezi na kuizamisha zaidi. Kisha boti itembezwe tena.

Jaribio la pili ni pembe ya mashine. Kwenye kishikio kinachoifunga mashine na ubao wa tezi kuna safu ya matundu na pini yake. Pini ikisogezwa tundu moja kuelekea ubao, mashine hujivuta ndani na omo hushuka; ikisogezwa nje, omo huinuka. Si mara chache pini hubaki pale ilipowekwa siku mashine ilipofungwa, miaka ikapita asiitazame mtu. Mashine yenye kitufe cha kuinua na kushusha hufanya kazi hiyo hiyo bila pini.

La tatu ni kimo cha mashine. Bamba pana lililo juu ya rafadha lapasa liwe takriban sawa na sehemu ya chini ya boti. Likizama mno chini ya hapo, mashine hukokota maji. Likipanda mno, rafadha huvuta hewa na kuzunguka bure.

Baada ya hayo matatu, ikiwa omo bado yainuka au chombo bado chalala, ndipo vibao huwa na hoja. Sababu moja ya haki ni kubadilisha mashine: ile ya zamani ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli ikiondolewa na kuwekwa mpya isiyochanganywa, aghalabu mpya huwa nzito zaidi kwa nguvu ile ile, nayo boti haikuchongwa kwa uzito huo.

Kuchagua

Vibao viko vya namna tatu. Kuna vya umeme, ambavyo huendeshwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota. Kampuni ya Lenco ya Marekani yajulikana kwa hivi. Kuna vya mafuta, ambavyo pampu iliyo ndani ya boti husukuma oili hadi kwenye bomba la kila kibao. Bennett, nayo ya Marekani, yajulikana kwa hivi. Namna zote mbili zahitaji betri ya volti 12 inayochajiwa na mashine. Namna ya tatu haina waya wala kitufe: kuna mkono wa gesi unaokishikilia kibao chini boti ikiwa polepole, na mwendo ukiongezeka, nguvu ya maji hukirudisha juu chenyewe.

Kwa boti ndogo ambayo mashine yake huwashwa kwa kamba na kuongozwa kwa mkono, hii ya tatu ndiyo ya kufikiriwa mwanzo, kwani kununua betri, waya na mota kwa ajili ya vibao tu ni kuongeza vitu vya kuharibika katika maji ya chumvi. Upungufu wake ni kwamba nahodha hawezi kushusha upande mmoja akiwa safarini. Mwenye boti ibebayo uzito wa kubadilikabadilika, leo nyavu na samaki, kesho jamaa waendao arusini, hufaidika zaidi na vile vya kitufe.

Ama ukubwa, kanuni ya watengenezaji ni nyepesi: kwa kila futi moja ya urefu wa boti, kila kibao kiwe na inchi moja ya upana. Boti ya futi 20 yataka vibao vya inchi 20, na kina chake kutoka bawaba kurudi nyuma kwa kawaida ni inchi 9. Lakini nafasi nayo ina hukumu yake. Ubao wa tezi wenye upana wa futi 5 ni inchi 60, na nusu yake ni 30. Ukiacha inchi 8 kutoka katikati ya mashine, ili maji yaendayo kwenye rafadha yasivurugwe, na inchi 3 kutoka ukingo wa ubavuni, husalia 19. Hapo kibao cha inchi 18 chaingia. Nafasi ikiwa finyu zaidi, hutafutwa kibao chembamba chenye kina kirefu, kama inchi 12. Asidhani mtu kwamba kikubwa zaidi ni bora zaidi: kibao kilichozidi katika boti nyepesi chaweza kuisukuma omo majini kwa ghafla.

Kufunga

Kazi hii hufanywa boti ikiwa nchi kavu. Ikipandishwa pwani kwa maji ya bamvua, fundi hupata siku za kutosha kabla ya bamvua jingine kurudi baada ya majuma mawili hivi, naye hana haja ya kukimbizana na maji.

Kibao huwekwa juu kidogo ya ukingo wa chini wa ubao, kama robo inchi, kisiguse maji kwa nguvu kikiwa kimeinuliwa, wala kisiwe cha kwanza kugonga mchanga. Pande zote mbili zipimwe kutoka katikati, zilingane. Kabla ya kutoboa, fundi achungulie ndani ajue kilichoko nyuma ya ubao.

Sasa twafika kwenye tundu. Katika boti nyingi za faiba, ubao wa tezi si faiba tupu. Ndani yake mna mbao zilizofunikwa kwa faiba pande mbili. Mbao hizo ndizo zishikazo mashine. Skrubu ikipita katika faiba, mbao huwa wazi, na tundu lenyewe liko chini ya maji. Likibaki bila kuzibwa vyema, maji huingia polepole, mbao huoza kimyakimya, na nje boti yaonekana nzima. Dalili ya kwanza huwa ni mashine kutikisika juu ya ubao, na wakati huo gharama ya kukata na kujenga tezi upya huzidi sana bei ya vibao.

Kwa hiyo mama mwenye mali na amuulize fundi maswali manne, bila haya. Tundu utaliziba kwa nini? Jibu jema ni kwamba atalinywesha epoksi kwanza, aiache ikauke, atoboe tena dogo zaidi, kisha atie gundi ya baharini katika tundu, kwenye skrubu na chini ya bawaba. Akisema silikoni ya bafuni, mtafute mwingine. Skrubu ni za chuma gani? Ziwe za kisichoshika kutu, sawa na vibao. Waya utaupitisha wapi? Upite juu ya mstari wa maji iwezekanapo, na fyuzi iwe karibu na betri. Na zinki iko wapi? Kibao cha chuma katika maji ya chumvi chahitaji kipande cha zinki ambacho huliwa badala ya chuma chenyewe. Zinki hiyo haipakwi rangi, na ikifika nusu hubadilishwa.

Kutumia, na hatari yake

Kibao cha kulia kikishuka, upande wa kulia wa tezi huinuka na omo huinamia kushoto. Ndiyo maana watengenezaji hupanga kitufe cha kushoto kiendeshe kibao cha kulia, ili nahodha afikirie omo tu. Kabla fundi hajalipwa, kitufe kibonyezwe na mtu atazame nyuma ni kibao kipi kimeshuka. Baharini, kitufe kibonyezwe kidogokidogo na kusubiri kila mara, kwani chombo hakiitiki papo hapo. Mwenye pupa huzidisha kushoto, kisha huzidisha kulia.

Hatari kubwa ni mawimbi yatokayo nyuma. Katika kusi, boti irudipo kuingia mlangoni na mawimbi yako mgongoni mwake, vibao viwe juu kabisa. Kikisahauliwa chini, tezi hunyanyuliwa na wimbi na kibao kwa pamoja, omo huchimba maji, chombo hugeuka ubavu, na wimbi la pili hukikuta kimelala. Namna ya gesi yataka hadhari zaidi hapa, kwa kuwa nahodha akipunguza mwendo vibao hushuka vyenyewe, naye hana kitufe cha kuviinua. Nyumba ambayo boti yake huingia kila siku kwa mlango wenye mawimbi ya nyuma yapasa ilizingatie hilo kuliko bei.

Pia vibao viinuliwe boti inapokwenda kinyumenyume, visije vikapindwa na maji. Na jarife livutwe kwa ubavuni. Likivutwa kwa tezini, pembe za vibao zitalishika na kulirarua.

Kutoa au kutotoa?

Vibao pamoja na ufundi hutaka fedha, na fedha hizo zataka ushahidi. Ushahidi wenyewe ni rahisi. Asubuhi ya bahari tulivu, boti ipakiwe kama iendavyo kuvua, itembezwe masafa maalumu kwenda na kurudi, ili mkondo usidanganye, na simu yenye GPS ionyeshe mwendo. Mafuta yapimwe kabla na baada. Lirudiwe jaribio hilo baada ya kupanga shehena na kusogeza pini. Yote yaandikwe katika daftari, na daftari likae nyumbani. Baada ya mwezi, tofauti itajisema yenyewe. Ikiwa lita zimepungua na nahodha sasa aona mbele, vibao havikuhitajika, na bangili zimebaki mkononi. Ikiwa bado, basi zitolewe fedha kwa moyo mweupe, kwani sababu imejulikana.

Jambo la mwisho. Kama fedha zilizopo zatosha kitu kimoja tu, na chombo hakina jaketi za kuokolea kwa kila aliyemo, suali la vibao halijafika wakati wake. Jaketi kwanza, shehena ya pili, pini ya tatu, vibao mwisho. Kijana atakayeambiwa utaratibu huo na mama yake huenda akanuna siku moja, lakini boti itakuwa salama na mgao hautapungua.

Tukutane juma lijalo, inshallah.